Shahada Mbili Nilizokupa Mimi

Lizaboni, Songea
Asubuhi ya baridi, baada ya chai

Ditram, Mngoni wangu,

Nimechaguliwa! Umesikia huko chini? Mwezi wa tisa napanda ndege kwenda Uingereza kusoma uchumi, chuo kilekile ulichosoma wewe. Barua imekuja na nembo juu, simba wawili wameshika ngao. Wameandika kwamba wametafuta kichwa cha namna yangu dunia nzima, wakakikuta Lizaboni kwenye kigoda, kimeinamia soli za watu. Soksi za sufu nimeshanunua.

Haya, nimekudanganya. Kweli ni soksi tu, nazo nimezitoa kwenye mitumba kwa sababu mwaka huu baridi ya Songea imenivamia vidole vya miguu. Mimi niliyeishia darasa la saba, tena darasa lenyewe nikikaa karibu na dirisha ili nitoroke vizuri, nani anipeleke Uingereza? Aliyechaguliwa ni mwanao Tekla. Nilitaka tu nione kama maiti nayo huona wivu.

Ni mwezi wa tano sasa tangu tukufukie. Nikupe habari za huku, lakini usijione wa maana sana, maana karibu kila kitu kimeendelea bila wewe. Mahindi ya Mshangano yamevunwa, na yamekuwa mengi, kwa sababu hakuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu waache mahindi walime alizeti. Unaukumbuka mwaka ule wa alizeti? Ulisimama nje ya kanisa umefungua daftari, ukawaeleza wenzio kwamba bei ya alizeti itapanda mpaka kila mtu aezeke bati jipya. Wakakusikiliza. Wakapanda alizeti Mshangano nzima, njano mpaka macho yanauma, na bei ikaanguka kama mlevi kwenye mtaro. Walipokuja kukutafuta, ukawaambia bei imeanguka kwa sababu wote wamekusikiliza. Profesa Alizeti! Mpaka leo yupo mzee mmoja kule, akisikia jina lako anatema mate kwanza, halafu ndipo anasema Mungu amlaze pema.

Ule ubao wako mweusi wa kufundishia, mkeo anafunikia pipa la maji. Kiti chako cha barazani amekipanda kuku, ametaga, ametulia juu yake kwa adabu ambayo wewe hukuwahi kuwa nayo. Mkeo mwenyewe analia, ndiyo, Jumapili. Siku nyingine ananenepa. Anasema siku hizi analala vizuri, hakuna mtu wa kukoroma Kiingereza pembeni yake.

Na mazishi yako nikuhadithie, maana ulikuwepo lakini ulilala.

Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu umelowa, kaburi lina tope. Haki yangu unaijua. Babu zangu Wahehe na babu zako Wangoni walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakatuachia utani: akifa mmoja wenu, mimi naruhusiwa kufanya upuuzi wowote msibani, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Mimi nimezaliwa hapa Songea, Kihehe chenyewe nakijua cha kuombea chumvi tu, lakini haki ni haki. Basi nikavaa lile koti lako zito la Uingereza, ambalo uligoma kulivua hata mwezi wa kumi na moja jua linapochoma, nikaweka miwani yako puani, nikakutangulia kaburini. Nikalala chali. Nikasema sitoki, shimo hili nimeliwahi mimi, Wangoni mmekuwa wengi kuliko mashimo, na mchumi wenu si aliwafundisha kitu kikiwa adimu kinakuwaje? Watu wakacheka mpaka padri akageuka kuangalia migomba.

Nikiwa mlemle shimoni, katekista akafungua karatasi yake akasoma historia ya marehemu. Alizaliwa Mshangano, mtoto wa pekee wa mama yake. Parokia ikamchangia kwenda ng'ambo. "Akapata shahada ya kwanza ya uchumi. Kisha akapata shahada ya pili ya uchumi." Hilo alilisoma kwa sauti ya Pasaka.

Nikatoa kichwa shimoni kama wale panya mnaowala. Nikapiga kelele: "Mwongo! Huyu hakumaliza hata miaka miwili! Walimtoa! Miaka saba alikuwa anafagia darasa la uchumi, ndiyo shahada yake hiyo!"

Ditram, sijawahi kuchekesha hivyo maishani. Mama mmoja wa kwaya alikaa chini kwenye majani mabichi akashika mbavu. Shemeji zako wakanivuta kwa mikono, wakanitia pakiti ya sigara kwenye mfuko wa koti lako, ndiyo malipo yangu ya kutoka. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Nani anamwamini mtani? Na hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani nikiusema ukweli mbele ya umati, kwa kinywa cha utani, nitakuwa nimeutua chini, na hakuna atakayeuokota.

Mwanao hakucheka. Alikuwa ameukumbatia msalaba wako wa mbao, anamwangalia mtu aliyevaa koti la baba yake.

Sasa tuyaongee, maana ulipokuwa hai hukutaka tuyaongee.

Ulipoondoka, mama yako hakujua kusoma, na pale Mshangano mtu pekee asiyekuwa na haraka ya kwenda shambani nilikuwa mimi. Nikawa msomaji. Barua yako ikifika parokiani, mama yako anaoga, anajifunga khanga ya sikukuu, anaita majirani, anatandika mkeka, ananipa kigoda. Mimi! Mhehe ambaye watu walikuwa wananifukuza kwenye miwa yao. Nikifungua bahasha, wanawake wazima wananyamaza. Nikisema, "Uingereza kuna theluji," wananitazama kana kwamba nimeinyesha mimi.

Kisha ikaja ile barua. Naijua kwa moyo kuliko Baba Yetu.

"Mama, shikamoo. Mama, wamenitoa chuoni. Hesabu zimenishinda. Nimepata kazi ya kufagia hapohapo. Nirudi? Ukisema nirudi, narudi. Usimwambie mtu. Mhehe anayekusomea atajua, hilo halina jinsi. Na wewe Mhehe, usinicheke kwanza. Ngoja nifike, unicheke usoni."

Mama yako alikuwa ameanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Nikasoma: "Mama, nimefaulu."

Wala usinipe sifa ya huruma. Miaka yote nimejiambia kwamba nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nikaamini. Nikwambie ilivyokuwa. Nilipoona neno "wamenitoa" nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Wewe uliyekuwa unamjibu mwalimu kabla hajamaliza kuuliza! Wewe ambaye parokia nzima ilikutolea sadaka ya pili kila Jumapili, mimi nikitazama! Hesabu zimekushinda! Na furaha ile ikanitisha. Nikaogopa wanawake wale wataiona usoni, nikaifunika haraka kwa uongo wa kwanza uliokuja. Hilo la kwanza. Lakini lile swali lako la "nirudi?" nililiruka kwa akili timamu. Ukirudi, nani atanitandikia mkeka?

Mama yako akachinja jogoo. Nikapewa firigisi, kama mkwe. Nikala, Ditram, nikatafuna na mifupa.

Jibu niliandika mimi, yeye akitamka. "Mwanangu, tumecheza mpaka vumbi limetuingia machoni. Usirudi mpaka umalize kabisa." Alisema hivyo kwa sababu ya nilichomsomea, na mimi nikakuandikia hivyohivyo. Pale sikubadilisha hata nukta. Nikalamba bahasha, nikaifunga.

Sijui ulivyoisoma. Nimejaribu kukuona umekaa na fagio lako, unasoma kwamba mama yako amecheza kwa sababu umefukuzwa. Huwa naacha kujaribu.

Baada ya hapo barua zako zikawa fupi. "Mimi mzima. Baridi ipo." Nikawa nazijaza mwenyewe. Shahada ya kwanza nilikupa msimu wa palizi. Ya pili nilikupa kwa barua ambayo wewe ulikuwa umeandika tu kwamba una kikohozi. Niliona haya kumsomea mama wa watu kikohozi, naye amenunua khanga mpya. Kwa hiyo ukikutana na wasomi wenzio huko uliko, uwaambie kweli: chuo chako kikuu kilikuwa Mshangano, juu ya mkeka, na mkuu wa chuo alikuwa Mhehe mwenye njaa.

Mwaka wa nne wa kufagia kwako, mama yako akafa. Alikufa akiwaambia wanawake wenzake kwamba mwanawe anawahesabia Wazungu hela zao. Tukamzika nyuma ya nyumba. Wewe hukuja, mfagiaji anatoa wapi nauli ya ndege, na mimi nikawatangazia waombolezaji kwamba uko katikati ya mitihani mikubwa. Wakaitikia kwa heshima. Kuna mmoja aliomba tukuombee ufaulu.

Ukarudi miaka mitatu baadaye. Stendi imejaa, ngoma ya lizombe inapigwa, kwaya imevaa sare, vigelegele. Ukashuka kwenye basi na lile koti, jua la saa nane. Katekista wa wakati ule akakupokea: "Karibu nyumbani, mchumi wetu! Shahada mbili!" Nikaona uso wako unavyojumlisha. Hesabu hiyo moja haikukushinda. Ukakitafuta kichwa changu kati ya vichwa, ukanijia mpaka puani, ukaniuliza polepole, "Mhehe, ulimsomea?" Nikasema, "Nilisoma." Ukasema, "Vizuri." Ukanipa begi lako nibebe.

Basi. Miaka thelathini na kitu, hukuongeza neno. Ungenipiga ningeshukuru. Wewe ukakubali kuwa mchumi, na mimi nikawa nakutukana kila asubuhi nikipita na baiskeli: "Mchumi, nyanya zitapanda? Mchumi, vuta suruali, imeshuka kuliko alizeti!" Watu wakasema hawa ndio watani wa kweli. Na ulikuwa ni utani. Lakini kila nikikuita Mchumi nilikuwa nakutazama kama leo utalipuka, uwaambie, tumalize. Ukawa unasema tu, "Kaa, unywe chai."

Na chai yenyewe haina sukari. Uchumi!

Kazi ya serikali hukuomba. Ulisema hupendi kuamrishwa. Mimi nilijua watakuuliza cheti. Ukaanza kufundisha uchumi jioni, kidato cha tano na cha sita, pale kwako Lizaboni. Nikawatangazia wateja wangu kwamba unawauzia watoto wa watu upepo. Wale watoto wakafaulu. Mwaka uliofuata wakafaulu wengine. Wawili wamekwenda hukohuko ng'ambo, wakasoma, wakamaliza kwelikweli, wakarudi wana vyeti vya kuning'iniza ukutani, wakaja kukupigia magoti barazani kwako. Siku hiyo nilipita nikacheka kwa sauti ili unisikie. Hukugeuka.

Sasa mwanao. Si unajua alivyo, akishika jambo ameshika. Amefundisha sekondari hapa mjini, akaomba shahada ya pili kwenye chuo kile, chako, kwa makusudi, akapata na ufadhili juu. Barua ya simba wawili ni yake. Basi akapata wazo kwamba kaburi lako liwekwe vigae na maandishi, na shahada zako ziandikwe kwa majina yake kamili. Akawaandikia barua pepe kuwauliza ziliitwaje hasa. Waingereza wana adabu, siku mbili tu wakamjibu: alisoma mihula mitatu, akaondoka, hakutunukiwa chochote, poleni kwa msiba.

Akaja kwangu siku ya Jumatatu, nina msumari mdomoni. "Shikamoo, mtani." Nikamwitikia, "Marahaba, mla panya, umeleta kiatu?" Akasema, "Nimeleta swali. Kaburini ulisema alifagia. Ulijuaje?" Nikatafuta utani wa kumrushia, nikapapasa kama mtu anayetafuta sindano, sikuupata. Nikasema nilibahatisha. Akasema, "Mtu habahatishi miaka saba."

Akaniambia haendi. Ijumaa ilikuwa mwisho wa kuwajibu, na jibu lake ni hapana. "Kila kilichomo kichwani mwangu amekiweka baba," akasema. "Kama baba alikuwa anatuigizia, mimi nina nini? Niende wakanitoe palepale walipomtoa yeye?" Akasema na mengine juu yako. Siyaandiki, ni mtoto wako, ila neno tapeli lilikuwemo. Mara mbili.

Na mimi nikanyamaza.

Jumanne pia nikanyamaza. Nataka unijue vizuri, Ditram, kwa kuwa huna tena pa kwenda kusimulia. Nilikuwa nimepona. Wewe umekufa tapeli, mimi nabaki mchekeshaji wa Lizaboni, na barua yenyewe ninayo mimi, niliichukua kwa mama yako nikisema nitamtunzia, ili asije akaipata msomaji mwingine. Iko siku zote chini ya sanduku la nyundo na nyuzi. Nikaitoa, nikaweka kiberiti juu yake pale kwenye meza ya kazi, nikavitazama vyote viwili mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Mtoto anaacha Uingereza kwa sababu ya firigisi niliyoila kabla hajazaliwa. Hilo ndilo lililonisumbua. Wewe hukunisumbua, wewe ulishakufa.

Jumatano nikampelekea. Nikamwambia, "Aliyedanganya ni mimi. Baba yako aliandika kweli." Kichwani nilikuwa nimeshapanga: atasoma, atalia, atanisamehe, tutakunywa chai. Akasoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia mkononi. "Twende," akasema. Nikauliza wapi. "Kwa bibi. Hii barua ni yake, na hajasomewa."

Tukaenda Mshangano kwa miguu, yeye mbele, hageuki kuona kama mzee amebaki nyuma. Akanisimamisha mbele ya msalaba wa mama yako. Hakuna mkeka, hakuna kigoda. "Soma." Nikasoma. Sauti ilitoka ya mbuzi. Nilipofika kwenye "nirudi?" nikataka nipite haraka. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Tena. Ni mzee, hasikii vizuri." Nikarudia mara ya tatu. Jirani mmoja aliyekuwa anapukuchua mahindi uani kwake aliacha kupukuchua. Nikaendelea mpaka "halina jinsi", nikaanza kukunja karatasi. Mwanao akasema, "Umeruka mstari, mtani."

Ana macho yako, mbwa yule.

Nikafungua. Nikasoma mpaka nukta. Usinicheke kwanza. Ngoja nifike, unicheke usoni.

Ditram, nilikucheka usoni miaka thelathini, nikadhani nimekutii. Lakini wewe ulikuwa umeomba uje nyumbani umeshindwa, tukucheke siku mbili, tatu, mama yako akupe ugali na mboga ya likolo, yaishe. Hicho ndicho ulichoomba. Kitu kidogo namna hiyo. Mimi nikakupa shahada.

Siwezi kuliandika hili zaidi ya hapo.

Tulikaa chini, yeye upande ule, mimi upande huu. Akawa anang'oa magugu ya kaburi. Kisha akaniuliza, "Na shahada ya pili ulimpa ya nini?" Nikasema, "Ya kikohozi." Akacheka, kicheko kibaya, kama mtu aliyepaliwa, halafu akalia, halafu sikujua tena ni kipi. Alipotulia akasema, wala si kwangu, "Ndiyo maana alikuwa anafundisha amesimama mlangoni."

Na kweli. Hata mvua ikinyesha ukawaingiza wanafunzi sebuleni, wewe ulibaki kizingitini, bega kwenye fremu, ubao unauonyesha kwa fimbo kutoka mbali, nusu yako inalowa. Sisi tulisema ni maringo ya Ulaya. Kumbe palikuwa mahali pako. Mlangoni ndipo uliposoma kule chuoni, miaka saba, wenye viti wakiandika na wewe unasubiri watoke ufagie. Tekla akasema, "Basi aliyasikia yote." Nikasema yote. Akasema, "Na hakuna aliyemwuliza swali."

Alhamisi akawajibu kwamba anakwenda. Wiki ijayo anaondoka. Kwenye vigae vyako ameandika jina lako na chini yake "mwalimu wa uchumi", basi. Ukoo umenuna, walitaka shahada. Amewaambia atakayetaka shahada kaburini akaisomee.

Hajanisamehe, usije ukadhani. Adhabu aliyonipa ni hii: haniamkii. Mtoto yule niliyembeba mgongoni, niliyemshonea kiatu cha kwanza cha shule, ananikuta njiani ananiambia "Habari yako," mkavu, kama karani. Watu wanageuka kutazama. Na mkeo macho yake hayaoni maandishi ya simu, nikamwambia usijali, Tekla akituma ujumbe kutoka huko nitakuwa nakusomea. Akaingia ndani. Nimesikia amekwenda kuongea na mwalimu wa shule ya msingi, yule mwenye kigugumizi. Anaona heri kigugumizi.

Nakuaga, Mngoni. Lala, na usijigeuzegeuze, vigae ni vipya. Nakuahidi sitakupa shahada ya tatu. Mtu akiniuliza Ditram alisomea wapi, nitamjibu alisomea mlangoni, na akicheka nitamtandika kwa nyundo. Magugu ya kaburi la mama yako ni yangu kuanzia sasa, kila Jumamosi, mpaka magoti yatakapokataa. Lako lina wenyewe.

Ila kuna jambo moja dogo nakudai. Siku ile ulipozidiwa, gari hakuna, nilikupakia kwenye baiskeli yangu nikakusukuma kutoka hapa mpaka hospitali ya mkoa, mvua inatupiga, unanitukana kila kona kwamba nakutikisa. Getini ukaniambia, "Mhehe, hii nitakulipa." Halafu ukafa, kama kawaida yako, kabla ya kumaliza kitu.

Basi nilipe. Najua mama yako ameisikia barua pale kaburini, mara tatu. Lakini najua pia hakuwahi kuamini jambo mpaka akuulize wewe. Akikuuliza kwa nini siku ile alisomewa vingine, mwambie Mhehe hakujua kusoma.